Tulipopanda Koitoboss

Ndugu msomaji, kama wewe ni miongoni mwa wale wanaofika shuleni kabla ya kengele ya saa moja, basi bila shaka umeuona. Simama karibu na tangi la maji uangalie upande wa kaskazini, kabla jua halijapanda na vumbi la malori halijatanda. Utaona kitu cha rangi ya samawati, kirefu, kimelala kama ng'ombe aliyeshiba. Lile si wingu. Ule ni mlima Elgon. Sisi wa Alupe tunaishi kwenye mita kama 1,200 tu juu ya bahari, jasho linatutoka hata tukiwa tumeketi, na kumbe si mbali nasi kuna mahali ambapo maji huganda usiku!

Naandika haya kwa sababu wenzangu wengi wameniuliza, "Ati mlifika mpaka juu? Ati ni tambarare kama uwanja wa mpira?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye foleni ya githeri. Haya basi, someni wote.

Kwanza niwatoe tongotongo machoni. Elgon si kilima kimoja. Ni volkano iliyozimika, tena ni miongoni mwa volkano kongwe za Afrika Mashariki, umri wake ukiwa zaidi ya miaka milioni 20. Kitako chake ni kipana ajabu, kama kilomita 80 toka upande mmoja hadi wa pili, ndiyo maana ukiwa mbali hauoni kuwa ni mrefu. Ni kama mtu mnene. Urefu wake haujulikani upesi. Zamani za kale volkano ilipokwisha kutapika, kichwa chake kilididimia ndani kikaacha shimo kubwa kama sufuria, upana wake yapata kilomita 8. Shimo la namna hiyo huitwa kaldera. Kwenye ukingo wa sufuria ndiko kuna vilele. Kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, lakini hicho kiko Uganda. Sudek kiko papo hapo mpakani. Chetu sisi Wakenya, upande wa mashariki, ni Koitoboss, mita 4,222. Koitoboss hakina ncha. Ni jabali la basalti lililosimama wima kama ukuta, na juu yake pamekatwa bapa, utadhani ni meza ya jitu. Nchini mwetu, Mlima Kenya tu ndio ulio mrefu kuliko Elgon.

Na jina je? Wamasai waliuita Ol Doinyo Ilgoon, yaani mlima wenye umbo la titi. (Tafadhali, kidato cha pili, msicheke. Mwalimu wa Jiografia mwenyewe ndiye aliyetuambia, na aliyecheka alisimama hadi mwisho wa kipindi.) Wabukusu na Wagisu wauita Masaba. Nyumbani kwetu, upande wa mama, ni Masaba tu. Jina Elgon mimi nalitumia shuleni.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi.

Mwalimu wa Jiografia alipotangaza ziara mwezi wa Januari 2025, darasa zima lilipiga makofi. Ziara ingekuwa wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, mwisho wa Februari, siku mbili na usiku mmoja, shilingi elfu moja na mia nane kila mtu. Kila mwanafunzi alipewa barua apeleke kwa mzazi aitie sahihi. Wengine walihangaika kutafuta pesa. Mimi pesa hazikuwa tatizo kubwa; baba ana bodaboda mbili pale mpakani, na tangu hapo sisi ndio watu wa bodaboda, maana neno lenyewe lilizaliwa huku kwetu wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu toka mpaka hadi mpaka. Baba alisema atalipa kidogo kidogo, naye alilipa. Tatizo lilikuwa sahihi.

Mama aliichukua ile barua, akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chumvi. Hakusema kitu. Siku ya pili nikamkumbusha. Akasema, "Watoto wa siku hizi mnapenda kwenda mahali watu walikimbia."

Mama yangu na nyanya yangu, ambaye tunamwita Kukhu kwa Kibukusu, hawakuzaliwa Alupe. Walikuwa wakiishi kwenye miteremko ya kusini ya mlima ule, upande wa Cheptais, wakilima mahindi na vitunguu. Wengi wenu mmesikia habari za vita vya huko kati ya mwaka 2006 na 2008. Vilianza na ugomvi wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk, vikageuka kundi la watu wenye bunduki, na mwezi Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi. Mamia ya watu waliuawa, maelfu wakahama, Wasabaot, Wabukusu, Wateso, wote. Wengine hawakuonekana tena mpaka leo, wala makaburi yao hayajulikani. Haya si siri, yamekwisha kuandikwa magazetini na kwenye ripoti. Lakini nyumbani kwetu hayazungumzwi.

Mimi nilizaliwa mwaka 2009, kwa hivyo niliyoyajua niliyaokota kama kuku aokotavyo punje, moja hapa moja pale. Nilijua kwamba Kukhu na mama walikuja Malaba kwa jamaa mwaka 2007 wakiwa na sufuria moja na godoro, kisha mama akaolewa na baba, ambaye ni Mteso wa hapa hapa Alupe. Nilijua kwamba mama alikuwa na kaka mkubwa. Nilijua kwamba mjomba huyo aliwafikisha mpaka Malaba, akalala usiku mmoja, asubuhi akarudi mlimani kuvuna vitunguu ili wapate pesa ya kuanzia maisha. Basi. Hapo hadithi ilikuwa inakatika kama kamba. Jina lake sitaliandika hapa. Ni la nyumbani.

Barua ilikaa chini ya kopo la chumvi siku tisa. Nilimweleza mama kwamba lango tunaloingilia, lango la Chorlim, liko Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, mbali kabisa na Cheptais, na kwamba mle ndani ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1968 na askari wa wanyamapori wangetusindikiza kwa bunduki. Nilichora hata ramani. Mama aliitazama akasema, "Mlima ni mmoja."

Aliyekata shauri si mama wala baba. Ni Kukhu. Jumapili moja alikuja kwetu akitembea na fimbo yake, akaketi, akanywa chai, akaniambia nimletee ile barua. Kukhu hajui kusoma. Aliishika tu, akamwambia mama kwa Kibukusu, "Wewe mwaka huu una miaka mingapi? Na mimi je? Nani mwingine ana miguu ya kufika kule?" Mama akaingia jikoni. Baadaye nilikuta barua imetiwa sahihi.

Kisha Kukhu akanivuta karibu akaniambia jambo ambalo niliapa nitalifanya. Alisema, "Ukifika juu, mwite. Mwite jina lake lote. Umwambie sisi hatuko tena Malaba, tuko Alupe. Alipotuacha alituacha Malaba. Hajui tulihama."

* * *

Ama kweli hayawi hayawi huwa. Ijumaa tarehe 28 Februari tuliondoka saa kumi alfajiri, wanafunzi ishirini na wanane na walimu watatu. Safari ya basi sitaisimulia sana, maana basi ni basi. Malaba malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yakingoja kuvuka Uganda, madereva wamelala chini ya matela. Bungoma palikuwa kunapambazuka. Webuye, Kamukuywa, Kiminini, Kitale. Kijana mmoja wa Malaba ambaye alikuwa ametuambia wiki nzima kwamba yeye atapanda mlima kwa mguu mmoja alitapika kabla hatujafika Webuye. Kumbukeni jambo hilo.

Chorlim tulifika saa nne na nusu. Basi letu liliachwa langoni kwa sababu barabara ya ndani haitaki mchezo, tukapanda lori la kukodi. Loo! Mimi sijawahi kuona miti kama ile. Mipodo mikubwa ambayo watu watano wakishikana mikono hawawezi kuizunguka, mierezi, na ile miti ya teki ya Elgon. Mbega walikuwa wakirukaruka huko juu na makoti yao meusi na meupe kama mapadri. Nyati tuliwaona watatu, nao walitutazama kwa dharau, kama mwalimu wa zamu anapomtazama aliyechelewa.

Kabla ya kwenda juu tulipitia pango la Kitum. Pango hili ni maarufu duniani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tembo. Tembo wa Elgon huingia pangoni usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuchimba ukuta kwa pembe ili wale chumvi iliyomo kwenye mwamba. Pango linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Alama za pembe ziko ukutani, nilizitia kidole. Ni kama mtu aliyekwangua sufuria ya ugali. Sababu ya pili si nzuri. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa amezuru pango hilo alifariki kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg, na mwaka 1987 mvulana wa miaka 15 vile vile. Popo ndio hushukiwa. Mvulana huyo alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Basi sisi tulisimama mlangoni tu, na aliyejaribu kusogea ndani aliitwa kwa sauti ambayo hata popo nadhani waliisikia.

Lori likaendelea kupanda. Msitu ukaisha, mianzi ikaanza, mianzi ikaisha. Ndipo ikaja nchi ambayo sijui niielezeje. Majani marefu ya rangi ya dhahabu, vichaka vyenye ndevu za kuvu, na mimea kama iliyochorwa na mtoto. Kuna mmoja ambao ni kama kabichi kubwa iliyopandwa juu ya nguzo. Kitabu kinauita senesio. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamening'inia kwenye shina, safu juu ya safu, yakawa koti la kuzuia baridi. Na lobelia nayo jioni hufunga majani yake kama mtu anayejikunyata, asubuhi huyafungua. Mwalimu wa Biolojia alifurahi mpaka akasahau kula.

Mwisho wa barabara panaitwa Koroborte. Hapo tulipiga hema. Koitoboss tuliiona kwa mara ya kwanza jua likitua, ukuta mweusi na juu umenyooka kama umepigwa rula. Wote tulinyamaza. Hata yule kijana wa Malaba, ingawa yeye alinyamaza kwa sababu nyingine: kichwa kilikuwa kinamuuma. Kule hewa ni nyepesi, na askari wetu alituonya tusikimbie, tusirushane, tunywe maji mengi, na anayeumwa asijifanye simba. Walioumwa vichwa walikuwa saba.

Kuhusu chakula, yaliyotupata ni haya. Wapishi wetu, ambao walikuwa wavulana wa kidato cha nne, waliteleka maharagwe saa kumi na moja jioni. Saa mbili usiku maharagwe yalikuwa bado magumu kama kokoto. Maji yalikuwa yanachemka vizuri tu, mapovu yanaruka, lakini maharagwe hata hayajui. Mwalimu wa Fizikia, badala ya kutusikitikia, alifurahi na kutufundisha pale pale gizani: ukiwa juu sana kanieneo ya hewa hupungua, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Huku Alupe huchemka karibu nyuzi 96, kule ni chini ya nyuzi 90. Tukala ugali kwa sukuma na somo la Fizikia. Maharagwe yalimwagwa asubuhi, na sijui hata ndege wa kule waliyataka.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Nyota, wenzangu! Sisi tunadhani tunazijua nyota. Taa za Busia na Malaba zimetuficha. Zilikuwa nyingi hadi nikahisi kizunguzungu, na baridi nayo ilikuwa ya kukata na shoka. Nilivaa sweta mbili, koti la baba, soksi jozi tatu, nikajifunika blanketi mbili, na bado meno yaligongana kama taipureta. Tulilala wasichana sita katika hema la wanne, na hakuna aliyelalamika kwamba pamebana.

Lakini usingizi haukuja. Niliwaza: mjomba alitembea kwenye mlima huu huu. Si upande huu, najua. Lakini mama alisema mlima ni mmoja, na usiku ule niliona kwamba mama alisema kweli kuliko ramani yangu.

* * *

Tuliamshwa saa kumi na moja. Juu ya hema palikuwa na umande ulioganda mweupe kama chumvi. Tulikunywa chai, watatu walioumwa sana wakabaki na mwalimu mmoja (kijana wa Malaba akiwa mmoja wao, maskini), sisi tukaanza.

Watu hudhani kupanda mlima mrefu ni kushika mawe na kuning'inia kamba. Elgon si hivyo. Njia inapanda polepole, mteremko wenyewe ni mlaini, ni matembezi tu. Shida ni pumzi. Unapiga hatua ishirini moyo unadunda kama ngoma ya isukuti. Askari alitembea mbele mwendo wa kinyonga, na kila aliyetaka kumpita aliambiwa arudi nyuma. Wasichana tulifika na kundi la kwanza, naomba iandikwe hivyo. Chini ya ule ukuta tuliuzunguka kidogo mpaka mahali penye upenyo, na hapo ndipo tulipopanda kwa mikono na miguu, kama mbuzi. Kama saa tatu tangu kambini, tukatokea juu.

Ni kweli. Ni bapa. Nyasi fupi, mawe, na upepo. Unaweza kutembea juu yake kama unayetembea uani kwenu, mpaka ufike ukingoni na hapo dunia imekwisha.

Upande wa magharibi ndiko kwenye ile sufuria, kaldera yenyewe. Ni bonde pana la rangi ya majani makavu, limezungukwa na vilele pande zote. Mle ndani kuna chemchemi za maji moto, na mto Suam unazaliwa humo, unatoboa ukuta na kuondoka. Mto huo huo mbele huitwa Turkwel, unakwenda hadi ziwa Turkana, na njiani umezuiwa na bwawa la kuzalisha umeme. Mwalimu alituambia tuhesabu mito mingine. Maji ya Elgon huingia mto Nzoia, ambao mwisho wake ni kwetu Budalangi na mafuriko yake. Mto Malaba nao watoka mlima huu, ule unaopita chini ya daraja la mpakani ambapo watu huvuka kwa bodaboda bila hata kuutazama. Nilipokuwa mdogo nilioga katika mto huo. Sikujua ulikuwa umetoka huku.

Ng'ambo ya kaldera Mwalimu alituonyesha Wagagai na Sudek. Ng'ambo hiyo ndiyo Uganda. Hakuna ukuta, hakuna afisa wa forodha, hakuna foleni ya malori. Mwenzangu mmoja aliuliza, "Sasa mpaka uko wapi?" Askari akacheka akasema, "Uko kwenye ramani yenu."

Wengine walikuwa wakipiga picha, wakishindana nani atasimama karibu na ukingo mpaka wakakaripiwa. Mimi nilienda pembeni, nikauliza askari, "Cheptais iko wapi?" Alinionyesha kwa mkono, kusini magharibi. Nikatazama. Hakuna kitu. Ukingo wa kaldera na vilele vya upande ule vimeziba kabisa. Alupe pia haionekani, iko huko huko nyuma ya mlima. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba nikifika juu nitaona kila mahali, nitaona shamba la vitunguu, nitaona bati la nyumba yetu, niviunganishe kwa mstari mmoja. Kumbe huwezi. Mlima wenyewe ndio umesimama katikati.

Askari alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo. Sikumwambia kitu. Lakini aliniangalia, akaniuliza, "Una watu huko?" Nikasema, "Tulikuwa nao." Akatikisa kichwa. Akageuka akawatazama wale wa picha, akasogea hatua kama kumi hivi, akasimama na mgongo wake kwangu.

Basi nikamwita. Mara ya kwanza sauti haikutoka, ilikuwa pumzi tu. Mara ya pili nikaita kwa nguvu, jina lake lote, majina matatu, kama tunavyoitwa siku ya matokeo. Nikasema, mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako, mimi humjui, nilizaliwa ukishaondoka. Nikasema Kukhu yuko hai. Nikasema hatuko Malaba tena, tuko Alupe. Kisha nikaona kwamba Alupe ni pakubwa, nikaongeza: ukitoka Malaba shika barabara ya Busia, ukifika hospitali ile ya zamani ya wagonjwa wa ukoma uulize, kila mtu anatujua. Nilisema kwa Kiswahili kwanza, halafu nikarudia kwa Kibukusu, kile kidogo ninachokijua, nikiogopa kwamba nimekosea maneno.

Hakuna mwangwi uliorudi. Upepo ulikuwa mwingi mno.

Rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja alikuja akanikuta nafuta macho. Akauliza kama ni baridi. Nikasema ni baridi. Akanipa glavu yake moja, tukakaa hivyo, kila mtu na glavu moja, mpaka tukaitwa kushuka.

Kushuka ni rahisi kwa mapafu na kugumu kwa magoti, sina zaidi la kusema. Nililala kwenye lori, nikalala kwenye basi, nikaamka Malaba saa tatu usiku kwa honi za malori. Baba alikuwa akinisubiri na bodaboda langoni pa shule.

Mama alikuwa hajalala. Alinipa maji ya moto nioge, akanipakulia wali kwa omena, akaketi mkabala nami nikila, jambo ambalo hafanyi. Hakuuliza. Nilipomaliza nilimwambia, "Mama, huko juu ni tambarare. Unaweza kutembea bila kuinama." Akasema, "Najua. Kaka yangu alikuwa akituambia." Hilo lilikuwa neno la kwanza kunitajia kaka yake, tangu nizaliwe. Akachukua sahani.

Jumapili mchana nilienda kwa Kukhu. Nilimkuta chini ya mwembe anachambua mchicha. Nikamsimulia yote tangu mwanzo, pango, tembo, maharagwe, na jinsi nilivyoita. Nikamrudia yale maneno ya Kibukusu, naye akanisahihisha neno moja. Akaniuliza kama nilitaja hospitali. Nikasema nilitaja. Akauliza kama nilisema ni nyumba yenye mwembe. Nikasema hapana Kukhu, hilo sikusema. Akasema si kitu, mwembe ataona mwenyewe.

Tukachambua mchicha wote wawili. Baada ya muda akauliza, "Na huko juu, ni baridi sana?"

"Sana, Kukhu. Nilivaa sweta mbili na koti la baba, na bado."

Akaacha kuchambua, mikono yake ikabaki juu ya ungo.

"Yeye," akasema, "aliondoka na shati tu."